John Hanning Speke na Kipimajoto Chake: Somo la Kupima kwa Walimu wa Shule za Msingi

Utangulizi

Walimu wanafunzi wengi wanapofika kwenye mada ya vipimo na majaribio hufanya jambo moja. Huandika ubaoni orodha ya istilahi pamoja na maana zake: kipimo, kizio, kosa, kigeu huru, kigeu tegemezi. Watoto huzinakili, huzikariri, na siku ya mtihani huzitoa vile vile zilivyoingia. Baada ya hapo hazionekani tena. Ukimwuliza mtoto huyo huyo apime urefu wa dawati lake mara tatu, akapata majibu matatu yanayohitilafiana, atakimbilia kumtazama jirani yake ili ajue lipi ni lile ambalo mwalimu analitaka.

Mimi mwenyewe nilichangia kuzalisha watoto wa namna hiyo. Kabla ya kuwa mkufunzi nilifundisha shule ya msingi huku Bugomora. Siku moja tulichemsha maji darasani, na mtoto mmoja wa kike akasoma kipimajoto, akaandika digrii 95. Kitabu kilisema maji huchemka kwa digrii 100. Nilimwambia afute aandike 100, naye akafuta. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba daftari zote zinafanana na kitabu. Ilinichukua miaka kadhaa, na masomo ya stashahada, kutambua kuwa siku ile mtoto alikuwa mwanasayansi, na mimi ndiye niliyemfukuza katika sayansi.

Katika makala hii nasimulia maisha ya mtu aliyepita katika nchi yetu hii ya Karagwe zaidi ya miaka 160 iliyopita, akiwa na kipimajoto mkononi, akichemsha maji ili ajue yuko juu kiasi gani. Mtu huyo ni John Hanning Speke. Jina lake linajulikana na kila aliyesoma Historia, ila kwa kawaida hutajwa kuwa ni mpelelezi tu. Hapa tutamtazama kama mpimaji: alichopima vizuri, alichopima vibaya, na alichodai bila kukipima kabisa. Naamini mwalimu akiyajua maisha haya ataweza kuzifundisha istilahi za vipimo bila ya kuwakaririsha watoto.

Ujana na mafunzo yake

Speke alizaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, katika ukoo wenye mashamba na uwezo. Hakuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa India kuwa askari katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, na huko akapigana katika vita vya Punjab. Kila alipopata likizo alikwenda katika milima ya Himalaya na mipaka ya Tibet kuwinda wanyama na kuchora ramani za njia alizopita. Kupima ardhi alijifunza kwa kutenda, huko huko mlimani.

Mwaka 1854 alikutana mjini Aden na Richard Burton, askari mwenzake aliyekuwa mjuzi wa lugha nyingi. Wakaingia pamoja katika safari ya nchi ya Wasomali. Mwezi Aprili 1855 kambi yao ilivamiwa usiku karibu na Berbera, Speke akachomwa mikuki mara nyingi na nusura afe. Watu hawa wawili walitofautiana sana kwa tabia. Burton alipenda maneno, mila na lugha. Speke alipenda mwendo, bunduki na vyombo vya kupimia. Tofauti hiyo ilizaa uadui baadaye.

Safari ya kwanza: kipimajoto kimoja

Mwezi Juni 1857 Burton na Speke walivuka kutoka Unguja kwenda bara, wakitafuta maziwa makubwa ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiyataja. Msafara wao ulifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba mwaka huo. Hapo walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, ambaye aliwaeleza habari za ziwa la Ujiji na habari za ziwa jingine la kaskazini, kubwa kuliko lile. Jambo hili tusilipite haraka. Wazungu wale walikuwa wakielekezwa na watu waliokuwa wakiyajua maziwa hayo tangu zamani. Watu wa pembezoni mwa ziwa la kaskazini walikuwa wakivua, wakisafiri na kufanya biashara majini kwa karne nyingi kabla Speke hajazaliwa.

Mwezi Februari 1858 walifika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa asiyeweza kutembea, na Speke alikuwa na maradhi ya macho hata hakuweza kuliona vizuri ziwa lenyewe. Hata hivyo walipaswa kujua ziwa lile liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Wakati ule hapakuwa na chombo cha kukuonyesha mwinuko moja kwa moja porini. Njia yao ilikuwa kuchemsha maji.

Mwalimu ailewe njia hii, maana ndiyo kiini cha habari yote. Hewa ina uzito, na uzito huo hukandamiza kila kitu kilicho chini yake. Nguvu hiyo katika kila eneo huitwa kanieneo ya hewa. Mtu akipanda mlimani, hewa iliyo juu yake hupungua, na kanieneo hupungua pia. Maji yaliyo katika sufuria huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda kanieneo ya hewa. Kwa hiyo pwani, penye kanieneo kubwa, maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi; mahali palipoinuka huchemka mapema zaidi. Kwa makisio, kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa digrii moja. Msafiri akichemsha maji, akasoma kipimajoto, anaweza kukokotoa mwinuko wa mahali alipo.

Njia ni nzuri, lakini ina sharti gumu: kipimajoto kiwe cha kuaminika. Ukikosea digrii moja tu, umekosea mita 300. Vipimajoto vizuri vya msafara vilikuwa vimekwisha kuharibika njiani, na kilichobaki kilikuwa kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuoga. Kwa kifaa hicho walipata kwamba Ziwa Tanganyika liko futi 1,844 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 562 hivi. Leo tunajua kuwa liko mita 773 hivi. Walikosea kwa zaidi ya mita 200, na kosa hilo kubwa lote lilitokana na kipimajoto kukosea chini ya digrii moja.

Kosa la namna hii huitwa kosa la mfululizo. Kifaa chenyewe kina ila, nacho hukosea kwa upande ule ule kila kinapotumika. Hata ungechemsha maji mara mia ukachukua wastani, ungepata jibu lile lile bovu. Dawa yake ni kukilinganisha kifaa na kingine kilicho sahihi, au kukijaribu mahali ambapo jibu linajulikana. Hilo ni tofauti na kosa la nasibu, ambalo mara huongeza na mara hupunguza, kama vile mkono kutetemeka au jicho kusoma kwa mshazari. Kosa la nasibu hupungua ukirudia kipimo na kuchukua wastani.

Ziwa la kaskazini

Walirudi Tabora mwezi Juni 1858. Burton alibaki kupumzika na kuandika. Speke akaenda kaskazini na kikosi kidogo. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na baadaye akarejea Afrika akiwa huru. Bombay na Speke walizungumza kwa Kihindustani. Fikirini basi njia ya kila habari: mwenyeji husema kwa lugha yake, mwingine hufasiri kwa Kiswahili, Bombay hufasiri kwa Kihindustani, na Speke huandika kwa Kiingereza. Katika kila hatua neno huweza kupotea. Masikio na ndimi nazo ni vyombo vya kupokea habari, na vyombo hivyo vina makosa yake kama kipimajoto.

Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza, akaona maji yasiyo na ukingo kwa upande wa kaskazini. Alikaa hapo siku tatu tu. Alichemsha maji, akapata kuwa ziwa liko zaidi ya futi 3,500 juu ya usawa wa bahari, yaani juu zaidi kuliko sehemu za Mto Nili zilizokwisha kufikiwa na wasafiri kutoka kaskazini. Maji hutoka juu kwenda chini. Akakata shauri kuwa hilo ndilo chimbuko la Nili, akaliita ziwa hilo kwa jina la malkia wa nchi yake, Victoria.

Je, alikuwa amethibitisha? La. Alikuwa na nadharia tete nzuri, yaani jibu la muda linalongoja kupimwa. Mwinuko ulionyesha kuwa jambo hilo linawezekana, lakini haukuonyesha kuwa ndivyo lilivyo. Hakuuona mto ukitoka katika ziwa. Burton aliposikia alipinga, na kwa upande wa kanuni alikuwa na haki ya kupinga. Speke alifika Uingereza mwezi Mei 1859, siku chache kabla ya mwenzake, akatangaza habari zake, na tangu hapo urafiki wao ukafa.

Speke katika Karagwe

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma tena mwaka 1860, safari hii pamoja na James Augustus Grant. Waliondoka Bagamoyo mwezi Oktoba mwaka huo. Baada ya mwaka mzima wa njaa, maradhi na ushuru wa watawala wa njiani, walifika Karagwe mwezi Novemba 1861, wakakaribishwa Bweranyange, kwenye makao ya Mukama Rumanika.

Rumanika alikuwa mtawala mwenye adabu na udadisi mkubwa. Aliwauliza wageni maswali mengi juu ya jua, nchi za mbali na vitu walivyobeba. Naye akawaeleza habari za nchi zilizomzunguka, mito yake, na milima mirefu ya magharibi. Sehemu kubwa ya jiografia iliyo katika kitabu cha Speke juu ya nchi zetu ilitoka vinywani mwa Rumanika na watu wake, na pia kwa Waarabu waliokuwa na kituo cha biashara Kafuro. Haki inatutaka tuwaambie wanafunzi hivyo.

Katika Karagwe, Speke alifanya kipimo kilichompa sifa mbaya. Desturi ya ikulu ya wakati ule ilikuwa wanawake wa ukoo wa Mukama wanenepeshwe kwa maziwa, na unene ulihesabiwa kuwa uzuri na heshima. Speke alichukua kamba ya kupimia akampima mmoja wao, shemeji yake Mukama: mzingo wa mkono futi 1 na inchi 11, yaani sentimita 58 hivi, urefu wake futi 5 na inchi 8. Aliandika wazi kuwa vipimo vingine anaviamini, ila kile cha urefu kina shaka, kwa kuwa mama yule hakuweza kusimama vizuri.

Tukio hili lina mafunzo mawili ya vipimo. La kwanza ni la sifa: alitaja kipimo chenye shaka pamoja na sababu ya shaka yake. Mpimaji mwaminifu hafichi udhaifu wa kipimo chake. La pili ni la lawama: alimpima mwanadamu mwenye heshima zake kama mtu apimavyo ng'ombe mnadani, kisha akayatangaza kwa watu waliosoma ili wacheke. Si kila kinachopimika kinafaa kupimwa. Mwalimu anayewapima watoto uzito na kimo darasani akumbuke kuwa kuna mtoto mnene na kuna mtoto aliyedumaa, nao wana masikio.

Madai yasiyo na kipimo

Kosa kubwa zaidi la Speke halikuwa la kamba wala la kipimajoto. Alipowaona watawala wa Karagwe na nchi jirani, sura zao na mifugo yao, alidai kuwa wao ni watu wa asili nyingine, waliotoka Uhabeshi wakaja kuwatawala wenyeji. Alilisema hilo kwa uhakika ule ule aliokuwa nao aliposoma kipimajoto. Lakini hapa hakuwa na kizio, hakuwa na kifaa, hakuwa na jaribio. Alikuwa na macho yake, na dhana alizotoka nazo kwao.

Dhana hiyo ilipokewa na wengine waliomfuata, ikakuzwa, na serikali za kikoloni katika nchi za maziwa makuu zikaitumia kuwagawa watu waliosema lugha moja na kuishi kilima kimoja. Matokeo yake tuliyaona kwa macho yetu upande wa pili wa Mto Kagera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda na baada yake, wakimbizi wengi waliingia Ngara na Karagwe, na mto ulileta maiti. Bila shaka mauaji yale hayakuletwa na kitabu kimoja cha msafiri. Hata hivyo, mojawapo ya mizizi yake ilikuwa dai ambalo lilivaa nguo za sayansi pasipo kupimwa.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa mtoto wa darasa la nne ajifunze kutenganisha mambo mawili: nililoliona, na ninalolidhani kutokana na nililoliona. La kwanza ni uchunguzi. La pili ni hitimisho. Kuyachanganya ni hatari, na si katika chumba cha mtihani peke yake.

Kutoka Kagera hadi Bath

Mwezi Januari 1862 Speke aliondoka Karagwe kwenda Buganda. Grant aliachwa kwa Rumanika kwa sababu ya kidonda kibaya cha mguu, akakaa hadi mwezi Aprili. Njiani Speke aliuvuka Mto Kagera mahali palipoitwa Kitangule, akastaajabia kina na nguvu ya maji yake. Alikuwa amekanyaga jambo kubwa. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na vijito vyake vya mbali, huko Rwanda na Burundi, ndivyo vinavyohesabiwa leo kuwa chimbuko la mbali kabisa la Nili. Maji yanayopita mpakani mwa Kyerwa huishia katika bahari ya Misri.

Speke alikaa miezi kadhaa kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 akafika mahali ambapo maji yanatoka ziwani karibu na Jinja. Maporomoko yaliyokuwapo hapo aliyaita Ripon. Yalizama baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954. Sasa alikuwa ameuona mto ukitoka. Lakini hakuufuata hatua kwa hatua. Alikata njia nchi kavu, akaukuta tena mbele, hata akafika Gondokoro mwezi Februari 1863. Wapinzani wake wakauliza: umejuaje kuwa mto uliouacha ndio uliouona tena? Wakauliza pia: inakuwaje miinuko ya ziwa uliyoipata katika safari zako mbili ihitilafiane kwa mamia ya futi, hali ziwa moja haliwezi kuwa na vimo viwili? Maswali yote mawili yalikuwa ya haki. Katika la kwanza alipaswa kuonyesha mnyororo usiokatika. Katika la pili alipaswa kuonyesha kuwa vifaa vyake vinaafikiana.

Mjadala baina ya Speke na Burton ulipangwa kufanyika katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Jana yake alasiri Speke alikwenda kuwinda shambani kwa jamaa yake. Alipokuwa akipanda ukuta mdogo wa mawe bunduki yake ilifyatuka, ikampiga kifuani, naye akafa baada ya muda mfupi. Baraza la uchunguzi lilitoa uamuzi kuwa ni ajali. Alikuwa na miaka 37. Alizikwa Dowlish Wake, katika jimbo la Somerset.

Nani alikuwa sahihi?

Burton aliendelea kudai kuwa Ziwa Tanganyika ndilo linalolisha Nili, kwa kupitia Mto Rusizi upande wa kaskazini. Mwaka 1864 Samuel Baker alikuwa amelifikia Ziwa Albert, ambalo Nili hupitia, na kwa kipimo chake ziwa hilo lilikuwa futi 2,720. Tanganyika, kwa kile kipimajoto cha kuogea, ilikuwa futi 1,844. Maji hayapandi mlima. Basi hoja ya Burton ilionekana imekufa. Watetezi wake wakajibu kuwa kipimajoto kilikuwa kibovu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kipimajoto kilikuwa kibovu kweli. Tanganyika iko mita 773 hivi, na Ziwa Albert liko mita 620 hivi. Tanganyika ndiyo iliyo juu! Kwa hiyo kipimo kibovu kiliikataa hoja ya Burton, na kipimo sahihi kisingeweza kuikataa. Hata hivyo hoja yenyewe haikuwa kweli. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini ya Tanganyika, wakaukuta Mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Uchunguzi mmoja wa moja kwa moja ulimaliza ubishi ambao tarakimu mbovu zisingeweza kuumaliza. Naye Stanley mwaka 1875 aliizunguka Victoria yote kwa mashua, na Speke akaonekana alisema kweli juu ya ziwa lake.

Mwalimu mwanafunzi, shika hapa. Mtu aweza kupata jibu sahihi kwa njia mbovu. Speke aliotea kweli mwaka 1858 kabla hajaithibitisha, na kipimajoto cha kuogea kilitoa hukumu iliyo sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mwalimu anayesahihisha jibu la mwisho peke yake hawezi kuwatenganisha mtoto aliyepima na mtoto aliyebahatisha au aliyenakili. Ndiyo maana siku ile darasani mwangu nilikosa: niliipa tiki tarakimu ya kitabu, nikaiadhibu kazi.

Istilahi na namna ya kuzifundisha

Kutokana na habari hii mwalimu anaweza kuzitoa istilahi zifuatazo, kila moja ikiwa na kisa chake.

Kipimo ni tarakimu pamoja na kizio chake. Ukisema ziwa liko juu 1,844 hujasema kitu mpaka utaje futi au mita.

Kigeu ni jambo lolote linaloweza kubadilika katika jaribio. Kigeu huru ni kile unachokibadilisha au kinachobadilika kwanza. Katika habari yetu ni mwinuko wa mahali. Kigeu tegemezi ni kile kinachofuata mabadiliko hayo. Hapa ni kiwango cha kuchemka. Vigeu vinavyodhibitiwa ni vile unavyovishika visibadilike ili visiharibu jibu: maji yawe safi yasiyo na chumvi, kipimajoto kiwe kile kile, na kisiguse kitako cha sufuria.

Usahihi ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Uthabiti ni ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vinaporudiwa. Kipimajoto kibovu chaweza kuwa na uthabiti bila ya usahihi.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu aanze na swali wala asianze na maana. Awaulize watoto: hapa kwetu maji yatachemka kwa digrii ngapi? Kila kundi liandike makisio yake. Hiyo ndiyo nadharia tete. Kisha maji yachemshwe, mwalimu mwenyewe akishughulika na moto na sufuria, watoto wakikaa mbali kidogo ili wasiungue. Kila kundi lisome mara tatu, liandike masomo yote matatu bila ya kufuta, ndipo likokotoe wastani.

Kisha wapewe hoja hii. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Mto Kagera hutiririka kutoka kwetu kwenda ziwani. Je, sisi tuko juu au chini ya ziwa? Basi maji yetu yachemke kwa zaidi au pungufu ya digrii 96? Mtoto wa Bugomora anaweza kulijibu swali hilo kwa akili yake mwenyewe, kisha akalithibitisha kwa kipimajoto. Kundi litakalopata jibu lililo mbali sana lisichekwe. Liulizwe: kifaa chenu mmekilinganisha na cha wenzenu? Mlisoma mkiwa mmelikabili jicho sawa na mstari? Pasipo na kipimajoto, zoezi lifanywe kwa kupima ukumbi kwa hatua, kisha kwa kamba yenye alama, na watoto wayalinganishe majibu.

Hitimisho

Speke alikuwa jasiri na mwenye bidii. Alikuwa pia na haraka ya kuamini alilolitaka. Alipokisema kipimo pamoja na shaka yake, alitufundisha. Alipotangaza dhana kana kwamba ni kipimo, alituumiza. Yote mawili yalitoka katika daftari moja, nayo yaliandikwa hapa hapa Karagwe.

Mtoto yule niliyemwamuru afute sasa ni mtu mzima. Nilipokutana naye nilimweleza kuwa digrii 95 ilikuwa karibu sana na kweli, na 100 ilikuwa ya mahali pengine. Alicheka, akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka. Mwalimu mwenzangu, utakapoingia darasani ukakuta tarakimu isiyofanana na kitabu, usiharakishe kutoa kifutio. Mwulize mtoto amepimaje.